Ukuta Nyuma ya Kiti cha Baba

Mimi si mtu wa kunyamaza, na hapa kijijini wananijua. Ukinipunja maharage sokoni Rubwera nitakusema mpaka wauzaji wa upande wa pili wasimame kusikiliza. Mwanaume aliyenioa alinirudisha kwetu akidai mdomo wangu umemshinda. Sawa, mdomo ninao, sikatai. Ndiyo maana mpaka leo sielewi ilikuwaje siku ile ya mashine, siku niliyouhitaji huo mdomo kuliko siku zote, ukakosa kazi.

Nyumba yetu iko juu kidogo ya barabara, katikati ya kibanja, migomba mbele na kahawa nyuma. Marehemu baba aliijenga kwa matofali ya kuchoma. Mwaka mmoja kahawa ilipofanya vizuri alikwenda Murongo akarudi na makopo ya rangi ya mafuta, ile inayong'aa, nyeupe ya maziwa. Akapaka sebule yote kwa mkono wake. Majirani walikuja kugusa ukuta. Baba akawa anawaambia kwa majivuno kwamba rangi hii hata umwage mchuzi, unapangusa tu kwa kitambaa, unatoka. Na kweli ilikuwa hivyo. Laiti angepaka chokaa kama watu wengine.

Kiti chake kilikuwa cha mbao, chenye mikono, kimesukumwa ukutani karibu na dirisha. Baba hakuwa mtu wa kukaa wima. Akitoka shamba ananawa, anapaka mafuta ya mgando kichwani mpaka shingoni, maana alikuwa na upara na alisema jua linamkausha, halafu anakaa na kuegemeza kichwa ukutani. Miaka yote pale pale. Alipougua ndiyo kabisa, alishinda hapo kutwa nzima, kwa sababu akilala chali pumzi inakatika. Ukutani pakaota doa. Lilikuwa la kahawia, ukubwa wa kisahani cha chai, limefifia pembeni na kukolea katikati.

Tulipokwisha kumzika, pale pale kibanjani, ndipo tukagundua kwamba picha yake tunayo moja tu, ya kitambulisho, amekunja uso kama anayesubiri kung'olewa jino. Huyo hakuwa baba. Mama akaiweka kwenye Biblia na hakuitoa tena. Doa ndilo lililobaki.

Mama hakuwahi kuniambia kwamba analipenda. Nililiona mwenyewe. Kila asubuhi akishafungua dirisha alikuwa anaweka kiganja pale ukutani, anamsalimia baba kwa Kinyambo, lugha yetu, anamuuliza ameamkaje, kisha anakwenda zake jikoni. Akifuta vumbi alifuta kwa kitambaa kikavu, na akifika pale alizunguka kwa ncha ya kidole, taratibu, kama anayemfuta mtoto tongotongo. Mwanzoni niliona aibu kumwangalia. Baadaye nikazoea. Siku moja nikamtania, "Mama, leo amekujibu nini?" Hata hakugeuka. "Amesema unaunguza maharage." Nikakimbia jikoni, na kweli yalikuwa yanaungua.

Sasa niseme habari za kaka yangu, na niseme mapema kwamba si mtu mbaya. Wangapi wamekwenda mjini wakasahau njia ya nyumbani? Yeye hupiga simu kila Jumapili baada ya ibada, na mama asipopokea anapiga kwa jirani. Kaka ndiye mrithi, omusika kama tunavyosema huku. Siku ya kuanua matanga wazee wa ukoo walimkalisha kwenye kiti cha baba, wakamkabidhi mundu wa baba, na tangu hapo hata mama akizungumza naye anateremsha sauti kidogo. Kiti ni chake, na akikikalia doa linabaki nyuma yake, halioni. Asipokuwepo hakikaliwi na mtu, na mtoto wa kike, tena aliyerudishwa kwao, ndiyo usiseme.

Kazi yake mjini ni usafi. Ana vijana wake, wanasafisha ofisi na nyumba za watu. Jumapili moja akampigia mama simu amefurahi kama mtu aliyepata mtoto. Amenunua mashine mpya ya kufyonza vumbi, tena si vumbi tu. Ina kichwa kingine unachokichomeka mbele ya bomba, cha kuoshea madirisha na kuta kwa maji. Kinapuliza maji ya sabuni, kinasugua, halafu kinayanyonya yale maji machafu, hata tone halidondoki. "Mama," akasema, "nitakuja na hiyo mashine nikuoshee nyumba nzima. Wewe utakaa tu unaangalia." Mama aliweka simu chini akafuta machozi kwa ncha ya kitenge. Jioni ile akina mama wote wa kwaya walikuwa wamekwisha kusikia habari za mashine.

Kaka alisema atakuja Jumamosi. Ijumaa alfajiri mama alichukua mundu akapanda mlimani kukata nyasi.

Huku kwetu mgeni wa heshima anatandikiwa nyasi. Si majani ya kulishia ng'ombe. Ni zile nyembamba, laini, zenye harufu nzuri, unazitandaza sakafuni sebuleni mpaka mguu unazama. Nyumba ya saruji, nyumba ya udongo, haijalishi. Krismasi, harusi, askofu akija, unatandaza. Na kadiri unavyomheshimu mtu ndivyo unavyozidisha. Nilimwambia mama magoti yake yale hayawezi ule mlima, anipe mundu niende mimi. "Anayekuja ni mwanangu, si wako," akanijibu. Alirudi na mzigo kichwani, amelowa umande mpaka kiunoni. Tukatandaza. Akaniambia ongeza. Nikaongeza. Akaniambia ongeza pale kwenye kiti chake. Sebule nzima ikanukia mlima.

Laiti ningemzuia. Lakini ningemzuiaje, na kwa sababu gani? Hakuna aliyewaza.

Kaka alifika kwa bodaboda kutoka Rubwera, boksi kubwa limefungwa nyuma kwa mpira, yeye amebanwa katikati. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu, karibu nyumbani kwako." Nikamsalimia na mimi. Akavua viatu mlangoni, akakanyaga nyasi, akafumba macho akavuta pumzi. "Mama, umenikatia nyasi." Mama akacheka kama msichana. Akampa kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo, tukala ndizi na maharage yenye samli, na kabla hatujanawa mikono majirani walikuwa wamejaa mlangoni wakisema wamepita tu kusalimia. Wamepita! Na watoto mgongoni, na vigoda mkononi.

Akafungua boksi. Mashine yenyewe ni pipa dogo lenye magurudumu, na bomba refu lenye mikunjo. Mzee mmoja jirani akasema huyo ni tembo, na jina likashika hapo hapo. Kaka akalichomeka kwenye umeme pale karibu na redio. Likanguruma. Watoto wakakimbilia nje, wakarudi.

Akaanza na sakafu, kama alivyozoea. Jamani! Tembo alichukua nyasi mdomo mmoja, miwili, halafu akaanza kukohoa. Sauti ikawa nyembamba, bomba likatetemeka, likaziba kabisa. Kaka akazima, akachomoa bomba, akaanza kuvuta nyasi kutoka ndani, kila akivuta zinakuja nyingine, kama mtu anayetoa utumbo wa mbuzi. Akawasha tena. Likaziba tena. "Tembo ameshiba!" akasema yule mzee, na watu wakacheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, nisiseme uongo.

Kaka hakucheka. Shingo yote ilikuwa jasho. Mtu mzima, omusika, amebeba mashine safari yote hiyo kuja kumwonyesha mama yake, na sasa amepiga magoti mbele ya kijiji anachomoa majani. Akasema kwa sauti ya chini, "Pengine tuzitoe nyasi." Unatoaje nyasi ulizotandikiwa na mama yako? Yeye mwenyewe alishtuka baada ya kutamka.

Mama ndiye aliyemwokoa. "Mwanangu," akasema kwa furaha, kwa sauti ya watu wote kusikia, "si ulisema kwenye simu inaosha na madirisha? Sisi sakafu yetu unaiona. Hebu tuonyeshe madirisha."

Uso wa kaka ukafunguka. Akachomeka kile kichwa kingine. Kilikuwa kipana, kina kitambaa laini juu na mpira chini, kama ule wa kufutia kioo cha gari, na ubavuni kichupa cha maji ya sabuni. Akaanza dirishani. Sikufichi, ilipendeza. Vumbi jekundu la barabara, la miaka, lilikuwa linaondoka kwa mstari, na nyuma yake unaona migomba ilivyo ya kijani. Maji machafu yalikuwa yanapanda kwenye bomba na kuingia kwenye tangi la plastiki, rangi ya chai ya maziwa. "Mawe!" wakasema akina mama, yaani mama yangu wee. "Hata tone!" Mzee wa tembo akaomba ashike kidogo, akakatazwa. Mama alisimama katikati ya watu, mikono kifuani, akimwangalia mwanawe.

Dirisha likaisha. Kaka akahamia ukutani.

Hapo ndipo nilipoona. Alikuwa anakuja upande wa kiti, mkupuo mmoja juu, mmoja chini, taratibu, fundi kabisa. Nikamtazama mama na yeye ameshaona. Lile tabasamu lilikuwa bado liko usoni, lakini macho yalikuwa yamekwenda kwenye doa.

Nikaita, "Kaka!" Mashine ikanimeza sauti. Nikaita tena kwa nguvu zangu zote, zile za sokoni Rubwera, na mtu aliyekuwa pembeni yangu alidhani nashangilia, naye akashangilia. Nikaomba Mungu umeme ukatike. Umeme wa huku kwetu hukatika ukipiga pasi, hukatika ukichaji simu, hukatika mchungaji akishika maiki. Siku ile haukukatika. Nikajipenyeza kuelekea kwenye swichi, nimeshanyoosha mkono, na mkono ukadakwa. Alikuwa mama. Alinishika kwa nguvu ambazo sikujua bado anazo, akatikisa kichwa. Hapana.

Nilimwelewa, na bado nikachukia. Watu walikuwa wametoka kumcheka mwanawe sasa hivi. Ndiyo kwanza amepata uso. Dada yake akizima mashine na kumfokea mbele ya kijiji, ndani ya nyumba yake, kwa jambo analolifanya kwa mapenzi, atarudi mjini na kitu gani? Na akijua alichotaka kukifuta, je? Mama alipiga hesabu zote hizo, amenishika mkono, nami nilisimama pale na mdomo wangu.

Kaka akasogeza kiti. Akainama, akatazama, akapunguza moto wa mashine. "Mama! Ukuta wa nyuma ya kiti changu umechafuka hivi?"

"Ni wageni wa msiba, mwanangu," mama akasema. "Waliegemea."

Akapuliza sabuni. Doa likang'aa. Nililiona vizuri kuliko siku zote, mpaka chini pale shingo ilipokuwa inajikunja, kama baba ametoka kujipaka mafuta sasa hivi. Halafu kile kichwa kikapita. Akarudia mara nyingine kwa kuwa lilikuwa sugu kidogo, akajisifu kwamba hakuna uchafu unaoishinda mashine hii. Ukuta ukabaki mweupe, unameremeta, kama siku ile ya makopo kutoka Murongo. Akina mama wakapiga vigelegele. Mama naye aliniachia mkono akapiga makofi.

Tulipoagana na watu, kaka alibeba tangi akaenda kumwaga maji nyuma ya nyumba. Akarudi, akaketi kwenye kiti chake, akanyoosha miguu juu ya nyasi. "Sasa unaishi kwenye nyumba safi, mama." "Mungu akubariki, baba yangu," mama akamwambia, na maneno hayo aliyasema kwa moyo wote, naapa. Kesho yake kaka akaondoka na mashine yake, maana ni ya kazi, akaahidi kuja nayo tena.

Bodaboda haijafika barabarani, mama akaniuliza, "Yale maji ameyamwaga wapi?"

Nikampeleka. Alikuwa ameyamwaga kwenye ule mgomba mmoja ulioota nyuma, karibu na jiko. Udongo ulishakunywa yote, palikuwa pakavu, povu kidogo tu limeganda kwenye jani lililoanguka. Mama aliliangalia lile jani muda mrefu. Sikujua nifanye nini na mikono yangu, nikaanza kukusanya kuni ambazo hazikuhitajika.

Asubuhi iliyofuata alifungua dirisha kama kawaida, akaenda ukutani, akainua kiganja. Kiganja kikabaki hewani. Akakishusha kidogo. Akakipandisha. "Lilikuwa hapa," akasema.

"Chini kidogo, mama."

"Chini wapi? Baba yako alikuwa mrefu."

"Akiwa amekaa, mama. Alikuwa anateleza."

"Unanifundisha mimi alivyokuwa anakaa?" Akaniangalia kwa hasira, na ile hasira ikamwisha hapo hapo, akaanza kulia. Siku ya mazishi hakulia hivyo. Siku ya mazishi alikuwa na watu wa kupikia. Sasa alisimama uso kwa ukuta, kiganja kinatafuta, na sisi wawili tulioliona doa lile kila siku hatukuweza kukubaliana lilikuwa wapi. Nilimshika mabega. Nilitaka kumpigia kaka simu nimtukane. Mama alisoma mawazo yangu. "Ukimwambia, hatakaa aingie tena humu ndani akiwa na amani. Niahidi." Nikaahidi. Nimeitunza ahadi hiyo na inaniuma kama jipu.

Sijui ni lini wazo lile lilimwingia. Jioni moja, tumemaliza sala, aliniambia, "Kaa."

"Wapi?"

Akaonyesha kiti. Nikacheka, nikadhani ni utani. "Mama, mimi? Wazee wakisikia?"

"Wazee wako kwao. Wewe una kimo cha baba yako, na kichwa chake pia, kikubwa hivyo hivyo. Kaa."

Nikakaa. Akachota mafuta ya mgando akanipaka. Nywele zangu nilikuwa nimezinyoa tangu msiba na sijazirudisha, ni rahisi kuliko kusuka. Alinipaka kichwa kizima mpaka shingoni. "Egemea." Nikaegemea. Ukuta ulikuwa wa baridi. Akarudi nyuma akanitazama, akaniambia nishuke kidogo, niteleze kama alivyokuwa anateleza. Kumbe alikuwa amekubali kwamba nilisema kweli. Akakaa kwenye mkeka mbele yangu akaanza kuchambua maharage, na kunisimulia habari za shamba, mgomba upi umeanguka, nani kapita njiani. Nilijua hazungumzi na mimi. Nikamwitikia hivyo hivyo, "Ee," "Aa," kama alivyokuwa anaitikia baba.

Ikawa ndiyo desturi yetu. Kila jioni ananipaka, nakaa, naegemea. Mvua za masika zikapita, kahawa ikaiva tukaivuna, na pale ukutani pakaanza kuonekana kitu. Ukisimama mlangoni hukioni. Ukikaa pembeni, mwanga wa dirisha ukipiga, unaona kivuli kidogo cha mafuta. Ni kichwa changu, si cha baba, na wote wawili tunajua. Lakini juzi asubuhi nilimkuta ameweka kiganja pale, anauliza mtu ameamkaje.

Jumapili iliyopita kaka akapiga simu. Mama akaweka sauti ya nje ili nami nisikie. Krismasi anakuja. Anakuja na mashine. "Msihangaike na kuta, mama, najua zitakuwa zimeshashika vumbi. Nitazipitia zote upya." Mama akamwambia karibu sana, mwanangu, tunakusubiri kwa hamu. Akamuuliza habari za mjini, za kazi, za kikohozi chake. Akamwombea safari njema. Akakata simu.

Jana nilichukua mundu nikaunoa, maana mlima una wakataji wengi siku hizi na nyasi nzuri lazima uziwahi. Mama alinikuta uani.

"Weka chini," akasema. "Safari hii tusitandaze."

Nilidhani sijasikia vizuri. Mwanamke huyu ametandaza nyasi Krismasi zote tangu nizaliwe. Alitandaza hata mwaka ule baba yuko hoi na mimi nimerudishwa kwetu na mabegi.

"Watu watasema nini, mama? Yeye mwenyewe atasema nini?"

"Waache waseme." Alikuwa anatazama dirisha la sebuleni kwa nje. "Na kuanzia leo sebuleni usifagie. Viatu tusivue. Ukitoka kwenye kahawa na matope, pita hapo hapo ndani. Nataka akute sakafu yenye kazi ya kumtosha mpaka siku ya kuondoka."